Boga au pumba za ngano kwa tumbo la mbwa

Mwenye mbwa mjini Mombasa anayetaka kumwongezea nyuzinyuzi katika ugali wake wa dagaa ana njia mbili za karibu: boga kutoka soko la Kongowea, au pumba za ngano kutoka duka la vyakula vya mifugo.

Gramu 100 za boga lililochemshwa zina takriban gramu 1 tu ya nyuzinyuzi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, ilhali pumba za uzito huohuo zina zaidi ya gramu 40. Tofauti hiyo isimdanganye mtu. Sehemu ya nyuzinyuzi za boga huyeyuka majini na kuwa kama uji mzito, kisha bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zinazolisha seli za ukuta wa utumbo. Kinyesi kilicholegea nacho huanza kushikana. Pumba hazichachuki kwa urahisi, bali hunyonya maji na kuongeza wingi wa kinyesi, jambo linalomfaa mbwa mwenye choo kigumu, mradi bakuli lake la maji lisikauke katika joto letu hili. Zikizidi, asidi ya fitiki iliyomo huzuia zinki na kalsiamu kufyonzwa mwilini.

Mimi huanza na boga, kijiko kimoja cha chakula kwa mbwa wa kadiri, likiwa limechemshwa tupu na kupondwa. Boga la nazi lililobaki mezani halifai, kwani tui lina mafuta mengi, na kitunguu, kikiwamo, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.