Iron Maiden jukwaani: walivyonikumbusha midimu ya Newala

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena hapa Shangani, Mtwara. Leo sichambui spika wala simu. Nachambua onyesho la Iron Maiden, wakongwe wa hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, kutoka London, niliowaona Johannesburg Mei 2016 nilipokuwa natafuta maisha kule. Mmeniuliza mara nyingi na nimekuwa nikiahirisha. Ila juzi nilikuwa Newala kwenye sherehe ya jando, midimu, wale wacheza ngoma wetu wa Kimakonde wanaovaa vinyago, ikatoka, nikasema hii video lazima niirekodi.

Mliokulia huku mnajua. Kinyago kikichomoza, watoto wanatawanyika wakilia, halafu wanarudi wenyewe mmoja mmoja, maana hofu ile ni tamu. Basi Iron Maiden nao wana kinyago chao, anaitwa Eddie. Ziara ile jukwaa lilipambwa kama hekalu la Wamaya wa Amerika ya Kati, na Eddie akatoka kwa mavazi ya Kimaya, mrefu kama mcheza ngoma wetu aliyepanda mironjo, ile miguu mirefu ya mbao. Mwimbaji wao, Bruce Dickinson, akapambana naye mpaka akamchomoa moyo kifuani! Watu wazima wenye ndevu zao walipiga mayowe kama watoto wa Newala. Na mimi nilipiga. Kwa dakika ile sikuwa na habari na gitaa wala nini.

Haya, muziki. Mzee aliyelelewa na muziki wa dansi wa Msondo Ngoma anajua solo, rizimu na besi, kila mmoja na njia yake. Hawa jamaa wana magitaa matatu juu ya besi: Dave Murray, Adrian Smith na Janick Gers. Nilidhani watakanyagana. Hawakukanyagana hata kidogo. Wawili wanabeba sauti moja, huyu juu huyu chini, wa tatu anashikilia rizimu, kisha wanapokezana. Na chini kabisa yupo Steve Harris, aliyeanzisha bendi mwaka 1975. Anapiga besi kwa vidole vitupu: tu-gu-du, tu-gu-du, tu-gu-du. Alikuwa na miaka 60, jamani, na mkono haulegei.

Dickinson mwaka mmoja kabla alikuwa kwenye matibabu ya saratani ya ulimi. Ulimi wa mwimbaji! Nilikwenda na wasiwasi, nikamkuta anakimbia jukwaa zima na sauti inapanda. Tena ndiye mmoja wa marubani wa ile Boeing 747 waliyosafiria.

Kilichonipunguzia raha ni nyimbo za albamu yao ya 2015. Ni ndefu. Kama hujazisikiliza nyumbani kabla, utapotea katikati, kama nilivyopotea mimi mara mbili.

Tiketi ilimeza mshahara wangu wa wiki nzima na siijutii. Nawapa tisa kwa kumi.

Mjue tu kwamba mpiga dramu niliyemwona, Nicko McBrain, aliacha ziara Desemba 2024, kwa hiyo leo utamkuta mwingine kwenye kiti chake. Na ukibahatika kwenda, usifanye kosa langu la kusimama ubavuni mwa spika. Besi ilimeza maneno yote mpaka nilipohamia katikati, usawa wa fundi mitambo. Pale ndipo nilipoyasikia magitaa yote matatu.