Pipeti za shanga za kuhesabia damu: nyeupe nitanunua tena, nyekundu sitaki

Mashine yetu ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ilipokufa na fundi akasema tusubiri spea, nilikumbuka pipeti za shanga, vile vijiti vya kioo vya kuvutia na kuzimulia damu vyenye shanga ndani, nilizofundishwa chuoni nikidhani sitazishika tena. Zahanati yetu iko nje kidogo ya Tukuyu. Kumwambia mgonjwa aende Mbeya mjini akahesabiwe chembe nyeupe ni kumtajia nauli, chakula, na siku nzima ya shamba iliyopotea.

Nikampigia muuzaji mmoja wa vifaa vya maabara. "Dada, zote ni sawa tu, tofauti ni rangi ya shanga." Nikacheka peke yangu. Ya shanga nyeupe, ya chembe nyeupe, ina alama za 0.5, 1 na 11. Ya shanga nyekundu, ya chembe nyekundu, inaishia 101. Damu ukiivuta hadi 0.5 kisha ukajazia dawa hadi alama ya mwisho, ya kwanza inazimua mara 20, ya pili mara 200. Shika isiyo yake uone jibu litakalotoka! Nilichukua moja moja, elfu 15 kwa zote mbili, zikaja na kosta zimeviringishwa kwenye gazeti. Nyeupe ilifika imemeguka ncha. "Si inavuta?" akaniuliza. Inavuta, ndiyo, ila haivuti kipimo. Alibadilisha baada ya kuvutana wiki nzima, na nauli ya kifurushi nikalipa mimi. Mwambie akupigie picha ya ncha kwa karibu kabla hujatuma hela.

Nyeupe hiyo aliyonibadilishia naipenda. Navuta damu, nafuta ncha kwa nje, najazia maji ya Türk hadi 11. Ni asidi ya siki yenye rangi ya zambarau: chembe nyekundu zinapasuka zote, nyeupe zinabaki, viini vimekoza. Natikisa dakika 2 au 3 huku shanga ikicheza ndani ya tumbo la kioo. Matone manne ya kwanza namwaga, maana kilichobaki shingoni ni dawa tupu isiyochanganyika na damu. Halafu chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia chini ya hadubini: miraba minne mikubwa ya pembeni, jumla nazidisha kwa 50. Kuna mtoto nilimhesabia 132, yaani chembe 6,600 kwa milimita moja ya ujazo ya damu. Nikarudia, 141, yaani 7,050. Hapo nalala usingizi.

Nyekundu imenitoa jasho. Damu ya mtu mmoja, asubuhi moja: mara ya kwanza 438, mara ya pili 371. Huku unazidisha kwa 10,000, kwa hiyo ni milioni 4.38 dhidi ya milioni 3.71. Nimwandikie daktari ipi? Siku hizi mwenye dalili za upungufu wa damu nampima himoglobini, basi.

Zilikuja na mpira wa kuvutia kwa mdomo. Kipande cha mdomoni nilikitupa siku hiyohiyo, nikafunga kibofu kidogo cha mpira. Damu ya watu hainyonywi. Na kwa unyevu wa huku kwetu, pipeti ukiiosha kwa maji peke yake haikauki. Malizia na spiriti, kisha asetoni, hadi shanga izunguke bila kunata.

Nyekundu iko kwenye droo. Mwanafunzi wa fildi aliiomba ajifunzie, akanirudishia imeziba.