Tahadhari kwa wanaotafutiwa kazi Thailand: mwisho wa safari ni ngome za utapeli za Myanmar

Ndugu zangu, naandika tahadhari hii kwa ajili ya vijana wenye Kiingereza kizuri na ujuzi wa kompyuta, na kwa ajili ya wazazi wao, kwa sababu tangazo lile lile ambalo kwa miaka kadhaa limekuwa likiwapeleka watu wetu utumwani bado linazunguka katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Linatafuta watu wa huduma kwa wateja, wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, au wa kufundisha Kiingereza mjini Bangkok. Mshahara ni dola 1,000 na kuendelea, chakula na malazi ni bure, tiketi ya ndege ni juu ya mwajiri, uzoefu si lazima, na usaili hufanyika kwa simu siku hiyo hiyo. Nimelisoma neno kwa neno. Jina la kampuni halipo, anwani haipo, ila namba ya wakala ni ya hapa hapa kwetu, na hiyo ndiyo inayompa mtu moyo kwamba akidanganywa atajua pa kumpata.

Sentensi inayopaswa kumshtua msomaji imewekwa katikati kama jambo dogo: utasafiri kwa viza ya utalii, kibali cha kazi kitashughulikiwa ukishafika. Sheria ya Thailand haimruhusu mtalii kufanya kazi, na kampuni halali inayomhitaji mfanyakazi kutoka nje humtumia barua za kuombea viza ya kazi kabla hajapanda ndege. Wakala akibanwa hujibu kwamba hiyo ni njia ya kukwepa urasimu, na kwamba ukiulizwa uwanja wa ndege useme unakwenda kutembea. Hapo uongo wa kwanza unawekwa kinywani mwa msafiri mwenyewe, na ndio utakaomnyima ujasiri wa kwenda polisi baadaye, kwa kuwa atajiona na yeye ana kosa.

Waliookolewa wamesimulia safari zinazofanana mno. Unashuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, unapokewa na dereva mwenye picha yako kwenye simu, nawe unatarajia kupelekwa mjini. Gari linashika njia ya kaskazini-magharibi, mwendo wa takriban kilomita 500, hadi Mae Sot, mji wa mpakani katika mkoa wa Tak. Njiani magari na madereva hubadilishwa, na anayeuliza huambiwa kwamba amepangiwa tawi jingine. Kisha, mara nyingi usiku, unavushwa Mto Moei, ambao si mpana na wakati wa kiangazi sehemu zake huvukika kwa miguu. Ng'ambo ni Myawaddy, katika Jimbo la Karen nchini Myanmar. Hakuna aliyekugongea muhuri wa kutoka Thailand wala wa kuingia Myanmar. Kwa mujibu wa karatasi zako bado wewe ni mtalii wa Bangkok, ilhali mwili wako uko katika nchi yenye vita, mahali ambapo wenye bunduki ni wanamgambo wanaofaidika na kodi ya majengo hayo.

Majina ya sehemu hizo yafaa kukaririwa: KK Park, Shwe Kokko, na kambi nyingine nyingi zilizopangana kando ya mto huo. Ziko pia Kambodia, hasa Sihanoukville na miji ya mpakani, na Laos katika eneo la Pembetatu ya Dhahabu, linalopakana na Thailand na Myanmar. Nyingi zilianza kama kasino na miji ya kamari. Kambodia ilipopiga marufuku kamari ya mtandaoni mwaka 2019, kisha janga la korona likafunga mipaka, wenye majengo waligeukia biashara ya kutapeli watu kwa intaneti, na mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 nchini Myanmar yakawapa mahali ambapo hakuna polisi wa kuwabughudhi. Ukiiona picha ya kambi ya namna hiyo utadhani ni mtaa wa kawaida: mabweni ya ghorofa, maduka, mikahawa, hata kumbi za kuimbia. Tofauti ni kwamba ukuta una nyaya, madirisha yana nondo, na walinzi wamewekwa kuwazuia walio ndani wasitoke.

Kinachofanyika humo ndani lazima nikieleze kwa kirefu, maana wengi hudhani ni kiwanda au ni danguro. Kazi yenyewe ni kuishi ndani ya hadithi ya kubuni kwa saa kumi na tano au zaidi kila siku. Mateka huketishwa mbele ya kompyuta na simu kadhaa, na katika kila simu kuna mtu ambaye hayupo duniani: ana jina, umri, mji anaoishi, ndoa iliyovunjika, mjomba aliyemfundisha kuwekeza, picha za chakula cha mchana na za mbwa wake. Mateka hana ruhusa ya kumbadilisha mtu huyo hata kidogo. Amepewa mwongozo ulioandikwa siku kwa siku, unaosema siku ya kwanza usalimie kana kwamba umekosea namba, siku zinazofuata uulize habari za watoto na za kazi, na fedha usizitaje mpaka yule wa upande wa pili azoee kuamka na salamu yako. Kwa kuwa wanaolengwa wengi wako Marekani na Ulaya, mchana wa kambi hufuata saa za huko, na kijana wa Kampala au Nairobi hulala jua likiwaka na kuamka giza likiingia ili aseme habari za asubuhi kwa mtu wa Texas.

Yule wa Texas naye anaingizwa katika dunia ya kubuni. Anapelekwa kwenye tovuti ya kununulia sarafu za kidijitali ambayo imetengenezwa na kambi yenyewe. Grafu anayoiona ikipanda haina uhusiano wowote na soko, na faida anayooneshwa ni tarakimu alizoandikiwa. Mara ya kwanza huruhusiwa kutoa kiasi kidogo ili aamini. Akishaweka akiba yake ya uzeeni na kutaka kuitoa, huambiwa kwanza alipe kodi, kisha ada, kisha dhamana, mpaka atakapoishiwa. Akidai kumwona mpenzi wake kwa video, kambi ina wanamitindo wa kuajiriwa na programu za kubadilisha sura. Katika baadhi ya kambi za Kambodia vimekutwa hata vyumba vilivyopambwa kama vituo vya polisi vya nchi za kigeni, pamoja na sare na nembo, kwa ajili ya kumtisha mtu kwa video kwamba anachunguzwa.

Mnaodhani natia chumvi, isomeni hati ya mashtaka iliyowekwa wazi mjini Brooklyn, Marekani, mwezi Oktoba 2025 dhidi ya Chen Zhi, aliyekuwa wakati huo mwenyekiti wa Prince Group ya Kambodia, kampuni ambayo imeyakana madai hayo. Waendesha mashtaka wanaeleza vituo viwili vilivyokuwa na simu 1,250 zikiendesha akaunti 76,000 za mitandao ya kijamii, na maelekezo kwamba wafanyakazi wasiweke picha za wanawake warembo kupita kiasi, ili akaunti zionekane ni za watu wa kweli. Serikali ya Marekani iliomba kutaifisha bitcoin zaidi ya 127,000, zilizokuwa na thamani ya dola bilioni 15 hivi wakati huo. Biashara yenye fedha za kiasi hicho haishindwi kukununulia tiketi ya ndege, kwa hiyo msiichukue tiketi ya bure kuwa ushahidi wa uaminifu wa mtu.

Asiyefikia lengo la siku huadhibiwa. Simulizi za waliotoka zinataja kuruka kichurachura mamia ya mara, kupigwa kwa mabomba, kupigwa shoti ya umeme, kufungiwa katika chumba cha giza bila chakula. Pasipoti imeshachukuliwa siku ya kwanza. Mateka huambiwa kwamba anadaiwa tiketi, chakula, kitanda na gharama za kumnunua, na deni hilo halipungui. Anayetaka kutoka hutakiwa kulipa maelfu ya dola, na anayewasumbua huuzwa kwa kampuni ya jirani kwa bei ya juu zaidi, ili deni lianze upya. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi hii. Waafrika tumo. Mwezi Februari 2025, kundi la watu zaidi ya 250 lilipovushwa Mto Moei kurudishwa Thailand, Waethiopia ndio waliokuwa wengi kuliko wote, na Wakenya walikuwemo. Waliowapokea walionyeshwa miguu na mikono yenye makovu na michubuko.

Sasa mawakala wanatumia habari za ukombozi huo kama chambo kipya: wanasema kambi zimevunjwa, kwa hiyo kazi zilizobaki ni safi. Msikubali. Ni kweli kwamba Februari 2025 Thailand ilikata umeme, intaneti na mafuta kwa maeneo hayo, na watu zaidi ya 7,000 wakatolewa. Ni kweli pia kwamba Oktoba mwaka huo jeshi la Myanmar liliivamia KK Park, watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Mae Sot, na kampuni ya Starlink, inayotoa intaneti kwa setilaiti, ikasema imezima vifaa vyake zaidi ya 2,500 vilivyokuwa karibu na kambi. Lakini fikirini: kati ya Februari na Oktoba, mahali palipodaiwa kusafishwa palikuwa pamejaa watu tena. Wakubwa huhama na kompyuta zao, na kila wanapohamia wanahitaji mikono mipya. Mji utakaotajwa kwenye tangazo lijalo unaweza usiwe Bangkok.

Juu ya wakala wa hapa nyumbani nasema bila kumung'unya maneno. Mara nyingi si mgeni. Ni mtu mliyesoma naye, ni binamu wa rafiki, ni dada anayeheshimika mtaani ambaye analipwa kwa kila kichwa anachopeleka, na wengine ni mateka wenyewe walioambiwa kwamba wakileta watu wataachiwa. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, anayepatikana na hatia ya kosa hili hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2008, na Uganda tangu 2009. Kwa hiyo anayesambaza tangazo hili kwa kupewa kamisheni asidhani anafanya udalali wa kawaida.

Kabla hujampa mtu yeyote pasipoti yako, hakiki leseni yake. Kenya orodha ya mawakala waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tanzania ulizeni ofisi ya Kamishna wa Kazi. Uganda ni Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Dai mkataba wenye jina la kampuni na anwani yake, kisha wasiliana na kampuni hiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie aliyokupa wakala. Ukiambiwa utumie viza ya utalii kwa kazi ya mshahara, acha safari hapo hapo, hata kama umeshawaaga wazazi na kanisa limeshachanga. Na ikitokea umefika Bangkok, gari likaanza kwenda mbali na mji kuelekea Tak, shuka kwenye kituo cha mafuta chenye watu wengi na upige simu ubalozini au kwa polisi wa watalii kwa namba 1155, kwa maana ukiwa bado upande huu wa Moei una nchi inayoweza kukusaidia.

Familia ambazo mtoto wao ameshaingia huko, tafadhali msikimbilie kuuza shamba. Kuna waliolipa na mtu wao akauzwa kwingine siku chache baadaye. Nendeni kwanza wizara ya mambo ya nje na polisi wanaoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu, ambao kwa Kenya wako idara ya upelelezi, DCI, na kwa Tanzania kuna sekretarieti chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na wasilianeni na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lenye ofisi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bangkok. Kenya ina ubalozi Bangkok unaohudumia pia Myanmar. Pelekeni nakala ya pasipoti, tiketi, tarehe ya kuondoka, namba na picha ya wakala, na ramani ya mahali alipo kama alifanikiwa kuituma. Mazungumzo na wakala msiyafute hata kama yanawauma kuyasoma, maana ndiyo yatakayoonyesha kwa maafisa wa Thailand kwamba mtoto wenu alidanganywa, na hivyo asishtakiwe kwa kuvuka mpaka bila kibali. Na mnapomwandikia, andikeni mambo ya kawaida ya nyumbani tu, msitaje polisi wala ubalozi, kwa sababu simu yake inasomwa na msimamizi kabla hajaisoma yeye.