Chungu cha Pothosi: Tazama Shingo Kabla ya Rangi

Mwezi uliopita nilivunja kwa nyundo mtungi wa kauri nilioununua shilingi 2,800. Niliuvunja kwa makusudi, nimekaa barazani na gunia nimelitandika chini. Ndani mlikuwa na pothosi yangu ya miaka mitatu, ile ambayo wengi mnaiita mani planti, na haikuwa na njia nyingine ya kutoka. Mizizi ilikuwa imejaa tumbo zima la mtungi, na shingoni ngumi yangu yapita kwa taabu. Nilijaribu kisu cha mkate. Nikaupindua nikaugonga kitako kama mtu atoaye keki. Nilichopata ni shina moja kukatika na utomvu kunimwagikia. Utomvu wa pothosi huwasha, nikajikuna hadi magharibi.

Kwa hivyo mwongozo huu hauhusu tundu la chini la kutolea maji. Habari ya tundu mnaijua, na asiyeijua ataambiwa na mizizi iliyooza. Rangi pia chagueni wenyewe. Mimi nina neno moja tu: shingo.

Wafinyanzi wetu wa zamani walilijua hili, ndiyo maana wakatupa majina mawili. Mtungi ni wa maji. Una shingo ili maji yasimwagike ukiwa kichwani mwa mtu. Chungu ni cha kupikia. Mdomo wake mpana, kinachoingia kitatoka. Sasa tumeingia madukani tukasahau tofauti hiyo, tunapanda maua kwenye mitungi kwa sababu yapendeza kwenye picha.

Nami si kwamba nadai chungu kiwe sahani. Fanya hivi dukani: tia mkono ndani, bandika kiganja ukutani karibu na kitako, kisha kipandishe taratibu hadi mdomoni. Kikikwama popote, rudisha chungu rafuni. Usidanganywe na umbo la nje, maana vingine kwa nje vimenyooka lakini mdomo umekunjiwa ndani kama ukingo wa beseni. Huo nao ni shingo, umejificha tu.

Maana pothosi haikai chungu kimoja maisha yake yote. Kwao ni kisiwa cha Mo'orea, huko Polinesia, na ikipata mti huupanda juu na majani yakawa makubwa kuliko haya tunayoyajua. Sisi twaipa udongo wa kujaza sufuria. Baada ya mwaka mmoja au miwili mizizi huanza kujizungusha, nawe utaona: maji ukiyamimina juu yanatoka chini hapo hapo, na vijizizi vinachungulia tunduni. Hapo yataka chungu kipya kinachozidi cha zamani sentimita 3 hadi 5 kwa upana, basi. Ukikipa kikubwa mno, udongo usio na mizizi unakaa na maji na mmea unaoza. Wangu naupa udongo wa kawaida, mboji, na makumbi ya nazi niliyoyachambua hadi yakawa usumba. Kokoto za kutandika chini nimeacha. Hazisaidii maji kutoka, zinapandisha tope juu karibu na mizizi.

Haya, ununue nini? Cha kwanza kwangu ni plastiki ya Kenpoly, wale watengenezaji wa vyombo vya nyumbani, na sioni haya kusema nina upendeleo. Nilivyo navyo ni vipana juu, vyembamba chini, na ukuta wake ni mwepesi: wauminya pande zote kama unavyoliminya chungwa, unakiinamisha, mmea unateleza na udongo wake wote. Cha mwisho nilinunua shilingi 320. Shoga yangu aniambia vina sura ya jikoni. Na viwe! Ukitaka sura, kitumbukize ndani ya kauri.

Cha pili ni udongo wa kufinyanga, ule wa mdomo wazi. Huu unapumua, na kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagia maji ndio salama zaidi, kwani unakauka upesi. Kwa joto letu la Mombasa hukauka upesi hata kupita kiasi. Mizizi pia hung'ang'ania ukuta wake, kwa hiyo umwagie maji siku moja kabla ya kuhamisha, kisha pitisha kisu chembamba pembeni.

Vya saruji viko chini ya hapo. Vizito, na vikiwa vipya vinatoa chokaa udongoni. Viloweke siku kadhaa ukibadilisha maji. Na hivi ndivyo hasa vyenye ule mdomo uliokunjiwa ndani. Kauri ninaiweka mwisho, iwe ni joho la kuvishwa plastiki tu. Ndoo za rangi na makopo ya maziwa yanafaa, toboa ukapande.

Sasa wauzaji. Kuna duka moja, silitaji, niliuziwa pothosi "imeshapandwa" kwenye kauri ya kung'aa, juu imetandazwa vijiwe vyeupe. Nyumbani nikafukua vijiwe: chini yake mmea ungali ndani ya kiriba chake cheusi cha kitaluni, umedidimizwa tu, na pembeni pamejazwa magazeti. Pothosi ambayo kando ya barabara ukijua kubembeleza unapewa kwa mia mbili, hapo ilinitoka zaidi ya elfu moja na nusu. Halafu wale wa mtandaoni! Picha ya chungu peke yake juu ya kitambaa cheupe, hakina kijiko wala mkono pembeni tukajua ukubwa wake. Kikifika, chatosha kupanda mchicha mmoja. Ukiuliza upana wa mdomo unajibiwa "medium", kana kwamba mediamu ni kipimo cha rula. Bei ya yai tunaijua, bei ya mkate tunaijua, lakini bei ya chungu yategemea umeshuka kwenye nini, matatu au gari lako.

Wapo watakaoniambia ningekata matawi nikayatia kwenye maji yakaota. Kweli, kipande chenye fundo kinaota, na viwili vimo kwenye gilasi dirishani sasa. Lakini nilitaka mama, sikutaka watoto.

Magae ya ule mtungi nimeyahifadhi, moja nimefunika nalo tundu la chungu kipya udongo usimwagike. Nilirudi kwa bwana aliyeniuzia, nikamuuliza kwa upole: mizizi ikijaa, mmea hutolewa vipi humu? Akautazama mwingine wa namna ile ile, akaugeuza, akaufuta vumbi.

"Mamangu," akasema, "si waununua mwingine tu?"