Boss GT-1: nzuri kwa sebene, ukiiongezea swichi

Swichi tatu za GT-1, mashine ya efekti za gitaa, hazimtoshi mpiga solo wa bendi ya dansi: mbili zinahamisha sauti ulizohifadhi, inabaki CTL1 pekee, unayoipangia kazi mwenyewe. Ongeza FS-6, pedali ya Boss yenye swichi mbili za mguu. Toa waya wa stirio kwenye tundu lake la A&B, uchomeke tundu la CTL2,3 la GT-1. Ukitumia waya wa mono, swichi moja haifanyi kazi, na mashine inasingiziwa ubovu bure.

CTL2, moja ya swichi hizo mbili, ipe dilei (mwangwi). Swichi ikiwa imewekwa ya kubonyeza na kuachia, chagua TOGGLE kwenye menyu ya GT-1: bonyeza kuwasha, bonyeza tena kuzima. Kwa MOMENT, dilei inakatika ukiinua mguu, katikati ya sebene! Ikifanya kinyume, geuza swichi ndogo ya poleriti kwenye FS-6.

Umeme wa Dar ukikatika, betri 4 za AA zinaiendesha GT-1. Ampu, shauri lako.