Waliniambia nikauze vitenge: uzoefu wangu na pampu ya besimenti Kariakoo

"Dada, wewe si unauza vitenge? Kauze vitenge. Mambo ya pampu tuachie sisi."

Nimeambiwa hivyo kaunta, watu wamejaa, na mtu ambaye hela yangu alishaipokea na kuihesabu. Duka lipo upande wa Gerezani. Jina silitaji. Ila kama unatafuta pampu ya kuzamisha kwa ajili ya shimo la besimenti, soma kwanza haya kabla hujampa mtu hela ya kukufungia.

Stoo yangu iko chini ya ardhi katika ghorofa moja la Kariakoo. Wenye stoo za chini wanajua kwamba kule maji hayasubiri paa livuje, yanatokea sakafuni. Bonde la Msimbazi liko jirani, na masika ikikolea mpaka barabara ya Jangwani ikafungwa, sisi huku chini tunakuwa tumeshapata habari. Ndiyo maana kwenye kona kuna shimo. Maji yanajikusanya humo, pampu inayavuta na kuyapandisha hadi kwenye mtaro wa barabarani. Pampu ikilala, marobota yanaanza kunyonya kutoka chini. Kitenge kilicholowa maji yale hata ukikianika vipi kinabaki na harufu na mstari, na hakuna mama atakayekinunua cha harusi. Kwa hiyo mtu asiseme nalalamikia kelele za mashine. Nalalamikia mtaji.

Pampu ya zamani ilikufa, wapangaji wa chini tukachanga, tukanunua mpya pamoja na gharama ya kufungiwa. Sifa zake zimeandikwa kwenye boksi, sizirudii. Mimi nasema tu kwamba siku za mwanzo nilifurahi. Inavuta kwa nguvu, shimo linakauka upesi, haitetemeshi ukuta kama ile ya zamani. Ningeandika siku zile, ningewapa nyota zote.

Halafu tukagundua kwamba hailali. Inawaka, inavuma kidogo, inazima, na hujamaliza kumkunjia mteja kitenge chake imewaka tena. Mchana hivyo, na mlinzi akasema usiku ni hivyo hivyo. Wala haukuwa msimu wa mvua, nje vumbi tupu. Umeme wa pampu tunaununua kwa kuchanga, na uniti za LUKU zikawa zinaisha kabla watu hawajasahau mchango uliopita. Wenzangu wakaanza kunitazama mimi, maana ndiye niliyetumwa kwenda kununua.

Nikapiga simu dukani. Wakasema ni kawaida, pampu ni mpya, itazoea. Nikapiga tena, wakasema ni maji ya bahari yanapanda. Bahari gani hiyo inapanda na kushuka kila baada ya dakika chache? Nikaenda mwenyewe. Nikamweleza yule wa kaunta nilichokiona kwa macho yangu: pampu ikizima tu, maji shimoni yanapanda palepale kwa kasi, yanatulia, kisha yanaendelea kupanda polepole. Nikamuuliza, hayo ya kasi, ya mwanzo, yanatoka wapi? Hilo ndilo swali lililojibiwa kwa vitenge.

Hakuishia hapo. Akamwita kijana wake alete pampu ya hosipawa mbili, kwamba niliyonayo ni ndogo, niirudishe kwa nusu ya bei na niongeze hela nichukue kubwa. Hakuuliza shimo lina ukubwa gani. Hakuuliza bomba linapanda umbali gani. Hakusema atatuma mtu akaangalie. Nimefanya biashara Kariakoo miaka mingi, nimeshatupiwa maneno na kila aina ya mtu, lakini hili liliniuma kuliko mengine, kwa sababu kitenge anachokidharau ndicho kilichomlipa yeye. Ile hela ilitoka wapi kama si kwenye vitenge?

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi bomba wa Buguruni, aliyeletwa na mlinzi wetu. Hakuja na mbwembwe. Hata pampu hakuigusa. Alikaa juu ya ndoo, akaweka kiganja kwenye bomba la kutolea maji, akasubiri. Pampu ikawaka, ikazima. "Sikia, mwanangu," akaniambia. Nikasikia bomba linagugumia, maji yanashuka kwa kishindo kurudi shimoni.

Hawakuweka nonritani. Ile valvu inayoyaruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi, hawakuiweka kabisa. Na hapo ndipo nilipokumbuka: siku ya kufunga, kijana aliyekuwa ameshika tochi alimuuliza bosi wake, "Nonritani hatuweki?" Akajibiwa, "Kaza bomba tuondoke." Walijua! Hii siyo bahati mbaya, walijua wakaondoka.

Mzee akanifanyia hesabu kwa chaki pale pale ukutani, nami nainakili kwa faida ya yeyote mwenye shimo. Bomba la inchi 2 linabeba karibu lita 2 za maji kwa kila mita. Letu linapanda ukutani, linapita chini ya dari, linapanda tena hadi mtaroni, kama mita 14 hivi. Pampu ikizima, karibu lita 27 zinaporomoka kurudi chini. Sasa tazama na floti, lile boya linaloelea shimoni na kuiwasha au kuizima pampu. Waya wake waliufunga mfupi sana, kwa hiyo kutoka pale inapowasha hadi pale inapozima ni sentimita 10 tu. Shimo letu lina sentimita 60 kila upande, na sentimita 10 za shimo hilo ni lita 36. Yaani pampu inashusha shimo kwa lita 36, lita 27 zinarudi, halafu zikiingia lita 9 tu kutoka ardhini inawaka tena. Sehemu kubwa ya umeme wetu ilikuwa ni kutia maji kwenye pakacha.

Na hiyo pampu kubwa waliyotaka kuniuzia? Mzee alitikisa kichwa. Ingemaliza lita 36 haraka zaidi, ingezima mapema zaidi, na maji yale yale yangerudi. Wala lita 9 za ardhini hazingechelewa kuingia eti kwa sababu pampu ni kubwa. Mota inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshachanganya, na kila kuwaka kunapasha joto waya za ndani. Ndiyo maana vitabu vya pampu vinataja kikomo cha mara ngapi iwake ndani ya saa moja. Wangenichukulia hela ili nikaiunguze na hiyo ya pili.

Jambo jingine lililonifanya nimheshimu mzee yule: hakukimbilia kununua kitu. Kwanza alitaka kujua kama maji yanayoingia ni ya ardhini kweli au kuna bomba la maji safi linavuja ndani ya jengo. Maduka yalipofungwa, tukafunga koki kuu, akaweka alama ya chaki kwenye ukuta wa shimo, tukatazama maji yanavyopanda koki ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Hakukuwa na tofauti. Yangepungua baada ya kufunga, tungejua tunatafuta bomba lililopasuka. Akapanda pia barabarani kuhakikisha maji tunayoyatoa yanakwenda zake na mtaro, hayajikusanyi ukutani na kuchuja kurudi kwetu. Ni vitu visivyo na gharama yoyote. Wale wa dukani wangeweza kunielekeza hata kwa simu.

Siku iliyofuata akafunga nonritani, mshale ukitazama juu, na akaweka yunioni, viungo vya bomba vinavyofunguka, juu na chini yake ili siku ikiziba itolewe isafishwe bila kukata bomba. Floti akaiongezea waya, sasa inatembea sentimita 30, ambazo kwa shimo letu ni lita 108. Kisha akachukua drili akatoboa tundu dogo kwenye bomba jipya, chini ya valvu. Nilipiga kelele. Akanieleza kwa upole kwamba pampu ikiisha maji hewa hunaswa chini ya valvu, na mara nyingine inawaka inazunguka bila kusukuma kitu. Tundu lile linaitoa hewa. Kwa hiyo ukiona bomba lako la shimoni linarusha mchirizi mwembamba wakati pampu inafanya kazi, usiende kuupaka gundi. Hakikisha tu unaelekea shimoni.

Tangu hapo pampu inawaka, inafanya kazi yake, inapumzika muda mrefu hadi mtu unakwenda kuchungulia kama imekufa. Uniti zinadumu. Gharama ya valvu, yunioni na ufundi wa mzee haikufika hata mauzo yangu ya asubuhi moja.

Nilikuwa nimeshaandika mstari wa kuwaambia watu wasinunue pampu hii kabisa. Nimeufuta, kwa sababu si haki. Pampu ni nzuri. Imevumilia kuwashwa na kuzimwa bila mpangilio muda wote ule na bado inavuta kama siku ya kwanza, nyingine ingekuwa imeshaungua. Inunue. Hata bei ya pale dukani, niseme ukweli, ni nafuu kuliko kwa majirani zao.

Lakini ngoja. Nilirudi pale kuomba angalau hela ya ufundi tuliyolipia kazi isiyokamilika. Nilikwenda kwa adabu, nimebeba risiti. Yule yule akaniambia garantii imekufa kwa sababu "mmetoboa bomba". Bomba nililonunua mimi, lililotobolewa ili pampu yao isiharibike! Nikamuonyesha video ya maji yanavyorudi. Hakuitazama hata, aliendelea kuchezea simu yake. Basi narudisha nyuma niliyosema juu ya bei. Unafuu huo utaulipia kwa LUKU na kwa presha yako mwenyewe. Usinunue pale hata wakikupunguzia. Tafuta pampu hiyo hiyo kwingine, na kazi ya kufunga mpe fundi anayekaa kusikiliza bomba kabla ya kutoa spana.

Yule kijana wa tochi simweki kwenye kundi lao. Aliuliza swali sahihi akanyamazishwa, na nilipokuwa natoka pale mara ya mwisho alinifuata hadi nje akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mliweka nonritani?" Nikamwambia ndiyo. Akashukuru, kama vile shimo ni lake. Siku akifungua duka lake, nitanunua kwake.

Nyota za pampu: nne, ya tano naishikilia mpaka masika ipite nione. Za duka sina. Na nikipita pale nikakuta mteja ameshika boksi la pampu ya kuzamisha, nitasimama, nitamuuliza mbele yao wote kama ameambiwa inafungwa na nonritani au bila.