Kinanda cha zamani cha sampuli: kipi ununue, kipi ukiache

Naulizwa sana kama vinanda vya zamani vya sampuli, yaani vyenye sauti za ala zilizorekodiwa ndani, vya Korg na Roland, bado vina maana ya kununua wakati sauti zile zile zipo kwenye kompyuta. Kama unatengeneza biti chumbani tu, wacha, Korg M1 ipo hadi kwenye iPad na Roland JV-1080 ipo Roland Cloud, huduma yao ya sauti za kompyuta. Lakini ukiwa mpiga kinanda wa taarab, harusini, umeme unakatika unarudi na watu wanakusubiri, nunua chombo chenyewe.

Namba moja kwangu ni Korg Triton ya 1999, na sababu kubwa si sauti, ni skeli, yaani namna noti zinavyotuniwa. Ndani ina skeli ya Kiarabu tayari na nafasi ya kutengeneza yako, unashusha noti ya Mi robo toni na maqam ya Rast inakaa sawa na fidla na ganuni badala ya kugombana nazo, wallahi hapo ndo utajua umenunua nini. Kabla hujatoa pesa iwashe sehemu yenye giza uone skrini haijafifia, gusa pembe zote nne maana ni ya kugusa, zungusha gurudumu taratibu uone namba haziruki, halafu piga vibao kimoja kimoja, pole na kwa nguvu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula zile kontakti za chini na kibao kinalia kwa kishindo au hakilii kabisa.

Ya pili Roland JV-1080 ya 1994. Haina vibao, ni boksi tu la sauti unaloliunganisha na kinanda kingine, basi cha kuharibika kimepungua na kwenye boti ya Pemba unaibeba mkononi. Inatoa hadi sauti 64 kwa wakati mmoja, na ina nafasi nne za kadi za kuongeza sauti, muulize muuzaji kama kadi zimo maana bei inabadilika sana.

M1 ya 1988 ya tatu, piano yake naipenda mno ila ni sauti 16 tu kwa wakati mmoja, na betri ya ndani ikifa programu zote, yaani sauti zilizohifadhiwa, zinafutika mpaka uzipakie upya.

Roland D-50 ya 1987 nzuri kusikiliza, kwa taarab haikusaidii.

Na yoyote iliyotoka Japani soma kwanza kibandiko cha nyuma, kikiandika volti 100 usiichomeke kwenye 230 yetu bila transfoma ya kushusha.